Dhima ya Nguzo ya Taa

Mafakihi wa Kiislamu, walipoitazama biashara kwa jicho la haki, waliona kwamba kila bidhaa ina dhahiri yake na batini yake, na kwamba muuzaji aghalabu huyajua ya ndani ilhali mnunuzi huyaona ya nje tu. Kwa sababu hiyo wakamwekea mnunuzi hiari ya aibu, yaani haki ya kuirudisha bidhaa na kudai fedha zake pindi ikimbainikia kwamba ilikuwa na kasoro kabla ya kumfikia mkononi. Imamu Ghazali, katika kitabu chake Ihya, alimwajibisha muuzaji kuzitaja aibu za bidhaa yake, asifiche hata moja. Hukumu hii ni ya insafu, nayo yatosha kwa ngamia, kwa nguo na kwa nafaka. Lakini naona haitoshi kwa nguzo ya mti inayosimamishwa kando ya njia ili ichukue taa, maana anayeinunua siye peke yake atakayepita chini yake usiku, na yule apitaye hakuulizwa, hakulipa, wala hana cha kurudisha.

Tuseme kamati ya msikiti, au ya usharika wa Kilutheri, huko Ngaramtoni au Tengeru katika miteremko ya Mlima Meru, imechanga fedha ili njia ya kwendea ibada ya alfajiri ipate nuru. Nguzo za zege zimeanza kuzoeleka nchini, lakini ni nzito mno kubebwa katika vijia vya migombani, kwa hiyo wajumbe wanakwenda kutazama mikaratusi, mti mgeni uliotoka Australia, mnyofu na mwepesi wa kukua. Hapo ndipo shida ya maarifa inapoanza. Kiini cha mkaratusi hakinywi dawa ya kuukinga mti na kuvu na mchwa. Inayoinywa ni sehemu ya nje tu, ile iliyokuwa ikipitisha maji mti ulipokuwa hai, nayo hainywi barabara mpaka iwe imekauka kwanza, kwa kuwa mti uliojaa maji hauna nafasi ya kupokea kitu kingine. Dawa yenyewe, mchanganyiko wa shaba, kromiamu na arseniki uliobuniwa katika miaka ya 1930 na Sonti Kamesan, mtaalamu wa Kihindi, husukumwa ndani ya mti kwa nguvu ya mgandamizo katika tangi la chuma, na mti ukitoka humo huwa na rangi ya kijanikijani. Rangi hiyo ndiyo aionayo mnunuzi. Kina ambacho dawa imefika hakioni, na mti uliolowa juujuu na mti ulioshiba sawasawa husimama kiwanjani kama pacha.

Mwenye hadhari hutoboa tundu jembamba, akatoa kijipande na kukitazama, kisha akaliziba tundu kwa kijiti chenye dawa. Huuliza pia mti ulikaushwa kwa muda gani, na huzikataa nguzo zenye ufa uliozama kupita tabaka la dawa, kwa sababu ufa huo ni mlango wa kuvu na mchwa kuingia kiini kisicho na kinga. Haya si mambo magumu. Yataka nusu siku, na ujasiri kidogo wa kumwudhi muuzaji.

Lakini aibu mbaya kuliko zote haitoki kwa muuzaji. Kanuni ya mafundi ni kuzika sehemu moja ya kumi ya urefu wa nguzo na kuongeza sentimita 60, hata nguzo ya mita 9 ikataka shimo la mita 1.5, na ardhi ya Meru, iliyozaliwa na moto wa mlima, ina mahali ambapo sururu hukutana na jiwe kabla ya kufika mita moja. Fundi aliyechoka, na ambaye hataki nguzo moja ichomoze juu ya wenzake, huchukua msumeno akaikata kitako. Kwa pigo hilo moja amekifunua kiini ambacho hakikunywa dawa, akakiweka udongoni penye unyevu, na kina cha kuishikilia nguzo pia amekipunguza. Kisha udongo hurudishwa, hushindiliwa, na hapana ajuaye. Sasa hiari ya aibu itadaiwa kwa nani, ikiwa kasoro imetiwa na mkono wa mnunuzi mwenyewe?

Miaka ikipita nguzo huanguka katika mvua za masika, na watu husema kwamba ni kazi ya Mungu. Neno hili mimi silikubali. Ghaibu ni ya Mungu, naam. Lakini si kila lisiloonekana ni ghaibu. Kilichomo ndani ya mti chaweza kutobolewa na kutazamwa, na jiwe lililo shimoni laweza kupasuliwa, au shimo likahamishwa hatua tatu. Na mtu anayekiita kadari kile alichokataa kukitazama amejificha nyuma ya jina tukufu. Yule aliyetoboa, akachagua, akachimba hadi kina kitakiwacho, na bado nguzo ikamwangukia mtu, huyo simlaumu, wala sidhani kwamba atalaumiwa mbele ya Hakimu aliye mkubwa kuliko mimi.

Litazuka swali la fedha: zilizochangwa zatosha nguzo kumi njema, au kumi na tano za shaka zitakazoifikisha nuru mpaka nyumba ya mwisho. Wapo watakaosema, na si kwa upumbavu, kwamba giza nalo lina waathirika wake, hasa wanawake wanaotoka mapema kuwahi soko la Tengeru. Hata hivyo nachagua kumi. Anayepita gizani anajua kwamba yumo gizani, naye hujihadhari. Anayesimama chini ya taa ameambiwa kwamba hapa pana amani, na ikiwa mguu wa taa hiyo umeoza, ameambiwa uwongo.

Kuna dhima nyingine ambayo kamati husahau, nayo ni ya nguzo iliyokwisha kazi. Ikiachwa kando ya njia, haitakawia kupasuliwa kuni, na arseniki iliyoilinda na mchwa itatoka katika moshi na kubaki katika majivu, jikoni mwa mtu ambaye hajapata kusikia habari za kamati hiyo. Tangu mwanzo wa mwaka 2004 Marekani imeacha kuitumia dawa hii kwa mbao za matumizi mengi ya nyumbani, ingawa nguzo imeziruhusu. Basi katika mkutano uleule wa kuchagua mti, kabla shimo la kwanza halijachimbwa, na iandikwe ni nani atakayeing'oa nguzo siku itakapochakaa, na ataipeleka wapi.