Kuijua Sababu ya Jinai si Kuihalalisha

Kuna neno lasemwa sana mabarazani mwetu kila isikiwapo kuwa kijana fulani amemaliza shahada ya kwanza na sasa ataka kusomea ilimu ya jinai kwa shahada ya pili. Husemwa: "Mwizi ni mwizi, na dawa yake ni jela. Miaka yote hiyo ya kusoma ni ya nini?" Na wengine huongeza neno zito kuliko hilo, kwamba wenye kutafuta sababu za jinai kazi yao ni kuwatafutia wakosaji udhuru. Neno la kwanza ni la kutojua, na jibu lake ni jepesi. Ama la pili ni suala la haki, nalo lastahili kupimwa kwa mizani.

Mwaka 1876 Cesare Lombroso, tabibu wa Italia, alitoa kitabu akidai kuwa wako watu wazaliwao wahalifu, na kwamba hutambulikana kwa taya zao, masikio yao na maumbo ya mafuvu yao. Wengi waliipokea kauli hiyo kwa furaha, kwani yapumzisha roho: maadamu uovu umo katika fuvu la mwingine, sisi hatuna hisabu ya kutoa. Lakini mwaka 1913 Charles Goring, tabibu wa magereza ya Uingereza, alitangaza matokeo ya kuwapima wafungwa yapata 3,000 na kuwalinganisha na watu wasiokuwa wafungwa. Huyo mhalifu wa kuzaliwa hakuonekana. Basi tazama ni watu wangapi waliodhaniwa vibaya kwa sura zao kwa sababu ya dhana isiyopimwa!

Ndiyo maana mafunzo haya yakahitaji vyuo. Mwaka 1959 Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kilianzisha taasisi ya ilimu ya jinai chini ya Leon Radzinowicz, mzaliwa wa Poland, na mwaka 1961 ikaanza kuwafundisha wenye shahada. Mwanafunzi wa daraja hiyo hujifunza kuzisoma hesabu za polisi na kuyajua zinayoyaficha, kwani si kila aliyeibiwa hushitaki, wala si kila mwizi hushikwa. Hujifunza pia kupambanua baina ya jambo lililotangulia tu na jambo lililosababisha. Kwa ufupi, hufundishwa asiiamini dhana yake mwenyewe, hata ikiwa ni dhana njema.

Tumesema hata ikiwa njema, na dalili yetu ni hii. Mwaka 1939 katika miji ya Cambridge na Somerville, jimbo la Massachusetts huko Marekani, ulianza mpango alioufikiri tabibu Richard Cabot wa kuwaokoa wavulana wasiingie katika jinai. Wavulana 506 walipangwa wawili wawili wanaofanana, na mmoja katika kila wawili akachaguliwa kwa kura asaidiwe: atembelewe, afundishwe, atibiwe, apelekwe kambini. Msaada ule ulikoma mwaka 1945. Miaka thelathini baadaye Joan McCord aliwatafuta, na mwaka 1978 akatangaza aliyoyakuta. Wengi wa waliosaidiwa walisema kuwa mpango uliwafaa. Lakini hapakuonekana jambo lolote walilowashinda wenzao walioachwa, na katika mambo kadhaa hali zao zilikuwa mbaya zaidi. Lau wasingelinganishwa, kila mtu angalisema: huu ni wema uliofaulu. Nia njema haitoshi, seuze hasira.

Sasa turejee kwenye suala zito. Je, kuijua sababu ni kuufuta ukosefu? Sisi twasema sivyo, kwani haya ni masuala mawili. Kadhi au hakimu huuliza: huyu amefanya, na alikuwa na akili na hiari? Mtafiti huuliza: kwa nini mtaa huu watoa wezi wengi kuliko ule? Jibu la pili halimtoi mtu katika jibu la kwanza, kwani katika mtaa huo huo, katika umasikini ule ule, wako wengi wasioiba. Walakini lamtia mwingine pamoja naye, yaani yule aliyeweza kuiondoa sababu asiiondoe. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar aliisimamisha adhabu ya kukata mkono katika mwaka wa njaa kuu. Hakusema kuwa wizi umekuwa halali, aliitazama njaa. Basi asemaye kuwa kutazama sababu ni ulegevu, na afikiri alisemalo.

Tena iko faida nyingine. Sheldon na Eleanor Glueck waliwachunguza wavulana 500 wakosaji wa Boston na wengine 500 wasiokuwa wakosaji, wakatoa kitabu mwaka 1950. Karatasi zao zilibaki katika maktaba ya Harvard, mpaka Robert Sampson na John Laub walipozichambua upya na kutoa kitabu mwaka 1993. Waliona kuwa wengi walioanza vibaya waliacha walipokuwa watu wazima, na aghalabu walioacha ni wale waliopata kazi ya kudumu na ndoa yenye mapenzi.

Hapa ndipo maneno haya yanapotugusa. Kijana atokapo jela akiwa amekwisha kutumikia kifungo chake, nani humpa kazi? Nani humpa mke? Twamfungia milango yote miwili, kisha arudiapo wizi twasema: "Hatukusema?" Hukumu ya kadhi ilikuwa na mwisho; hii yetu haina. Mkosaji atalibeba kosa lake mwenyewe, wala hatumpunguzii. Lakini mlango tuufungao sisi ni amali yetu, nasi ndio tutakaoulizwa.