Nani Anadaiwa Maji Yaliyovuja?

Bili ya maji inapopanda ghafla, ilhali watu wa nyumba ni walewale na matumizi ni yaleyale, huibua maswali mawili. La kwanza ni la fundi: maji yamekwenda wapi? La pili ni la maadili: ni haki kumdai mtu maji ambayo hakuyanywa, hakuyaoga wala hakujua kwamba yanapotea?

La fundi halichukui muda. Uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Namba za kwenye mita hulinganishwa na zile za kwenye bili, maana msoma mita anaweza kukosea au kukadiria. Zikilingana, mabomba yote hufungwa, kisha mita huangaliwa. Kile kigurudumu kidogo kwenye uso wake kikiendelea kuzunguka, maji yanavuja ndani ya uwanja wa mteja: pengine boya la tanki la choo halifungi, au bomba limepasuka chini ya ardhi. Mvujo wa lita moja kwa dakika ni lita 1,440 kwa siku. Kwa siku 30 unapita uniti 43.

La maadili ni zito zaidi. Aristotle alifundisha kwamba kutojua hakumwondolei mtu lawama pale alipokuwa na uwezo wa kujua. Bomba lililofukiwa halionekani, hivyo hasara ya mwezi wa kwanza ni bahati mbaya, si uzembe. Bili ndiyo taarifa. Ikishafika, udhuru umekwisha. Kipimo hichohicho kinamhusu mtoa huduma: akikaa miezi bila kusoma mita, amemnyima mteja taarifa, na ni haki abebe sehemu ya hasara.

Uislamu unakwenda mbali zaidi. Katika hadithi iliyopokewa na Ibn Majah, Mtume alikataza israfu katika maji ya udhu hata kando ya mto unaotiririka. Kwa hiyo mwenye fedha za kulipia mvujo hajawa huru kuuacha.

Nyamongo, mkoani Mara nchini Tanzania, imeliishi swali hili kwa ukubwa wa kutisha. Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara ulioko huko hadi Mto Tigithe, unaomwaga maji yake Mto Mara. Mei 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) liliupiga mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kuhusiana na utiririshaji wa maji yenye sumu. Mwenye mgodi anawajibika kwa kinachotoka humo, hata kama hakukusudia kitoke.

Mvujo wa nyumbani hauna sumu, lakini nao una waathirika. Anayenunua kwa dumu kioskini hashtuliwi na bili, kwani hulipa akiona. Ila presha ikishuka kwa sababu ya bomba la jirani lililopasuka, foleni yake ndiyo inayorefuka. Deni la fedha hulipwa ofisini, hata kwa awamu. La huyu wa foleni linaanza kulipwa siku bomba linapozibwa.