Nasaha kwa Anayekwenda Oman

Ndugu yangu unayefunga mizigo kwenda Oman, liweke hili moyoni kabla ya yote: Kiswahili utakachokisikia Maskati hakikufanyi mwenyeji. Utaingia dukani, na mzee mwenye kanzu nyeupe na kofia ya viua atakujibu kwa Kiunguja safi. Hapo ndipo wengi wanapojisahau, wakapaza sauti kama wako barazani kwao na kuulizia mambo ya ndani ya nyumba za watu. Ifurahie lugha, lakini fuata mwendo wa mwenyeji wako.

Wajue wazungumzaji hao wa Kiswahili wametokea wapi. Tangu Sayyid Said, mtawala wa Oman, alipohamishia makao yake Unguja katika karne ya 19, koo nyingi zimekuwa na ndugu pande zote mbili za bahari. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 wengi walikimbia, na Sultan Qaboos aliposhika madaraka mwaka 1970 akawafungulia mlango wa Oman, nao wakaja na elimu iliyokuwa ikihitajika sana. Kwa hiyo usianzishe mjadala wa 1964 watu wakiwa kwenye sinia. Kwenu huenda Januari 12 ni sikukuu; mbele yako pengine ameketi mtu aliyempoteza baba yake mwezi huo. Mzee akitaka kusimulia, atasimulia mwenyewe, na kazi yako ni kusikiliza bila kusahihisha. Nalisema hili kwa uzito kuliko mengine yote.

Ukikaribishwa nyumbani, vua viatu, wasalimie walioketi kuanzia kuliani kwako, na usiharakishe kueleza shida yako. Itakuja tende au haluwa, kisha kahawa chungu yenye iliki, katika kikombe kidogo kisicho na mkono. Kipokee kwa mkono wa kulia. Anayemimina atakijaza kidogo tu na kusimama hapo na dele lake. Ukimrudishia kikombe kimya, atamimina tena. Ukitosheka, kitikise kidogo kulia na kushoto, naye ataelewa. Udi ukishapitishwa, jifukize, kisha aga. Kuendelea kukaa ni kumchosha mwenye nyumba. Mwanamume asitangulize mkono kwa mwanamke. Angoje, na asiponyooshewa, kuweka kiganja kifuani kunatosha.

Msikitini utawaona Waislamu wa madhehebu ya Ibadhi wakisali mikono imeteremka ubavuni, na baada ya Fatiha hutasikia “amina”. Usiwakodolee macho wala usiwape somo. Mwezi wa Ramadhani, hata kama hufungi, usile wala kunywa hadharani mchana: sheria inakataza, na heshima ilikwisha kukataza kabla ya sheria.

Saa zao ziko mbele ya zetu kwa saa moja, na ukiambiwa kwa Kiarabu saa mbili mchana, ujue ndiyo tunayoiita sisi saa nane mchana. Mapumziko ya juma ni Ijumaa na Jumamosi. Riali moja ina baisa 1,000, na ina thamani ya zaidi ya dola mbili na nusu, basi usidanganywe na udogo wa tarakimu kwenye bei.

Nchi yenyewe ni karibu theluthi ya Tanzania kwa ukubwa. Maskati imebanwa kati ya bahari na milima ya Hajar, na miezi ya kiangazi joto hupita nyuzi 40. Miezi hiyo hiyo, Salalah kusini hupata manyunyu na ukungu wa msimu wa kharif, vilima vikawa kijani na minazi ikakukumbusha pwani yetu. Bara, kama Nizwa, utakuta falaji, mifereji ya kale inayoleta maji kutoka chini ya ardhi. Mitano kati yake iliingizwa na UNESCO mwaka 2006 katika urithi wa dunia. Maji hayo yana mpangilio: juu ni ya kunywa, chini yake ya kutawadha na kuoga, kisha yanakwenda mashambani, na kila shamba lina zamu yake. Usitie mguu wala sabuni palipo pa kunywa. Tazama wenyeji wanateka wapi na wanafua wapi, nawe fanya vivyo hivyo.

Na mawingu yakionekana milimani, usivuke wadi, yaani bonde la mto mkavu, kwa gari, hata kama mahali ulipo jua linawaka. Maji hushuka kwa kishindo kutoka mbali na yamekwisha kuua watu wengi. Simama, ngoja yapungue, hata kama mwenye gari la nyuma anakupigia honi.