Deni la Fanani: Pakruok na Suala la Umaarufu

Katika uhakiki wa fasihi simulizi, uhusiano wa fanani na hadhira hujadiliwa zaidi kama suala la fani: nani anaitikia, lini, kwa kibwagizo kipi. Upande wake wa maadili huguswa kwa nadra. Hadhira inapomlipa msanii, inakuwa imenunua nini hasa?

Mbita, pamoja na visiwa vya Rusinga na Mfangano, ni mahali pafaapo kuanzia. Wenyeji wengi wa huko ni Wasuba ambao, kizazi baada ya kizazi, wameichukua lugha ya Kijaluo na sanaa zake, pakruok ikiwa mojawapo. Katika ngoma ya nyatiti, ya ohangla au ya benga, msikilizaji husogea mbele, hutoa fedha, na muziki hukatizwa. Hapo hujisifu: hutaja ukoo wake, rafiki zake, mpenzi wake, kwa mafumbo na kwa chumvi nyingi. Akimaliza, muziki huendelea. Kwa istilahi za Kiswahili haya ni majigambo, ila ni majigambo yaliyolipiwa, tena mbele ya watu wanaomjua msemaji. Mvuvi wa mbuta anayejiita simba wa ziwa anafahamu kwamba anayemdai yupo papo hapo, anamsikiliza.

Hivyo anayelipa naye hutazamwa. Kwa dakika chache umaarufu humhamia, pamoja na hatari yake ya kuchekwa.

Hali ni tofauti kabisa katika muziki wa vijana wa Korea Kusini, ambao siku hizi una wapenzi hata Afrika Mashariki. Mwaka 2009 wanamuziki watatu wa kundi la TVXQ waliishtaki kampuni yao, S.M. Entertainment, kwa sababu ya mkataba wa miaka 13. Mwaka huohuo mamlaka ya Korea inayosimamia ushindani wa kibiashara ilitoa mkataba wa mfano wenye kikomo cha miaka 7. Sheria iliweza kuhesabu miaka. Macho ya hadhira haikuweza kuyawekea kikomo. Machi 2024, Karina wa kundi la aespa aliandika kwa mkono barua ya kuomba radhi, baada ya kujulikana kwamba ana mpenzi. Sulli na Goo Hara, waliofariki Oktoba na Novemba 2019, walikuwa wameandamwa kwa matusi mtandaoni, mengi yakitoka kwa watu waliojificha nyuma ya majina ya bandia.

Ni rahisi kuwalaumu mashabiki, na wanaotukana wanastahili lawama. Lakini shabiki anayehisi amesalitiwa hakujitungia dai lake peke yake. Ameuziwa, pamoja na wimbo, sura ya ukaribu: tabasamu linaloonekana kumwelekea yeye tu. Aliyeiuza sura hiyo ni kampuni. Anayedaiwa ni msichana mwenye umri wa miaka ishirini na kitu. Kulipia wimbo humpa mtu haki ya kuusikia, na hata ya kuukosoa. Maisha ya mwimbaji hayamo katika bei hiyo, hata kama muuzaji alidokeza kwamba yamo.

Hata hivyo pakruok isipambwe kupita kiasi. Fedha zake humfunga mwimbaji pia, kwani tajiri aliyetajwa leo hutarajia kutajwa kesho. Wala kusimama mbele ya watu hakumfanyi msikilizaji awe tayari kubeba mzigo wote wa fanani. D. O. Misiani, kiongozi wa Shirati Jazz, alizaliwa Shirati, Tanzania, ng'ambo ya mpaka wa Migori, akapatia umaarufu wake Kenya hadi alipofariki katika ajali ya barabarani Kisumu mwaka 2006. Aliwasema watawala kwa visa vya wanyama na vya Biblia, akatiwa mbaroni zaidi ya mara moja. Mashabiki wake walifurahia kufumbua mafumbo hayo. Maana waliyoipata ilikuwa yao kwa kiasi kikubwa, pengine kali kuliko maneno yenyewe. Aliyeulizwa na polisi maana hiyo ni yeye peke yake. Na mnunuzi wa kaseti, tofauti na mtoa pakruok, hakulazimika hata kusimama na kutaja jina lake.