Kura ya Mwenye Udhuru

 

Enyi ndugu zetu wasomaji, mzee mmoja wa mtaa wetu, ambaye Mwenyezi Mungu alimwondolea nuru ya macho tangu ujanani mwake, alitujia baada ya sala ya Alasiri, akakaa nasi kibarazani, akatuuliza suali ambalo hatukupata kuulizwa kabla yake. Alisema: "Sheikh, mtu akiibiwa neno lake, je, ana haki ya kulidai Siku ya Kiyama kama adaivyo aliyeibiwa mali yake?" Tukamtaka atueleze. Akasema kwamba katika Uchaguzi Mkuu wa tarehe 9 Agosti 2022 alishikwa mkono na mpwa wake hata kituoni, akamnong'oneza majina sita, moja kwa kila karatasi, na mpwa akatia alama, akamwambia: "Mjomba, yamekwisha." Siku chache baadaye akamsikia kijana huyo akijisifu mbele ya wenziwe kwamba kura ile aliipiga yeye kwa apendavyo, kwani mzee hajui mambo ya siku hizi.

Twajibu: naam, ana haki ya kuidai. Lakini kabla hatujamlaumu kijana, yatupasa tujilaumu sisi wenyewe. Mwaka 2017 mzee huyo huyo alitutaka shauri kama ende kupiga kura au asende. Nasi, kwa kudhani kuwa twamhurumia, tukamwambia: "Ami, wewe una udhuru, kaa nyumbani upumzike." Akakaa. Leo twaona wazi ya kuwa tulikosea. Sisi ndio tuliotangulia kumwambia kuwa neno lake halihitajiki. Yule kijana hakufanya ila kuitenda kazi fatwa yetu.

Udhuru katika Sheria ni ruhusa aliyopewa mwenyewe, akitaka aitumie, na akitaka aiache. Si kufuli wapewalo watu wengine wamfungie mlango. Katika siku ya Uhud, Amr bin al-Jamuh, sahaba aliyekuwa akichechemea sana kwa ulemavu wa mguu, alizuiliwa na wanawe wasimwache kutoka. Walikuwa watoto wema, na walisema yale yale tuliyoyasema sisi: baba, wewe una udhuru. Yeye akaenda kuwashitaki kwa Mtume. Mtume akamthibitishia kuwa kweli anao udhuru, kisha akawageukia wanawe, akawaeleza kuwa hawana sababu ya kumzuia. Akatoka, akafa shahidi. Tazameni hukumu hii ilivyokaa: baba aliambiwa kuwa hakulazimishwa, na watoto waliambiwa kuwa haiwahusu.

Na habari ya Ibn Umm Maktum mwaijua tangu chuoni. Kwa ajili yake, naye haoni, iliteremka Suratu Abasa, Mtume alipokuwa ameshughulika na wakubwa wa Makka. Wengi wetu tumeihifadhi sura hiyo, na hatuvuki hapo. Lakini wenye vitabu vya sira wametaja pia kwamba Mtume, alipokuwa akitoka Madina kwa safari zake, zaidi ya mara moja alimwacha Ibn Umm Maktum kuwa naibu wake mjini. Ikiwa asiyeona aliweza kuachiwa mji, vipi leo haaminiwi na karatasi?

Atasema msemaji: hii kura ni jambo la dunia, si sala wala saumu. Nasi twamwuliza: dunia ya nani? Tangu mwaka 2013 zahanati na hospitali nyingi zimo mikononi mwa serikali za kaunti, na viongozi wake twawachagua kwa karatasi hizo hizo. Asiyeweza kupanda ngazi ya zahanati, na kiziwi asiyepata wa kumfasiria kwa daktari, hao ndio wajuao zaidi kuliko sisi ni kiongozi gani aliyetimiza ahadi na ni yupi aliyesahau. Kupiga kura ni kutoa ushahidi, na Qurani imekataza ushahidi kufichwa. Basi ikiwa mwenye kuuficha ushahidi wake mwenyewe ana dhambi, huyo auzibaye mdomo wa shahidi mwingine tumwiteje?

Sheria za nchi katika jambo hili ni nzuri kuliko desturi zetu, na haya twayasema kwa kuona haya. Katiba ya 2010, kifungu cha 38, inampa kila raia aliyefika umri haki ya kuandikishwa na kupiga kura kwa siri. Kifungu cha 82 kinataka upigaji kura uangalie mahitaji ya wenye ulemavu. Na kanuni za uchaguzi zimeeleza namna ya kumsaidia asiyeweza kutia alama mwenyewe. Msaidizi huchaguliwa na mpiga kura, hachaguliwi na jamaa zake. Si lazima awe ndugu, wala si lazima awe ameandikishwa kupiga kura, bali awe ametimiza miaka 18. Hula kiapo mbele ya msimamizi wa kituo kwamba ataitunza siri. Wala haruhusiwi kumsaidia zaidi ya mtu mmoja, hata asitokee mjanja akakusanya wazee kumi wa mtaa, akapiga kura kumi. Na aliyekuja peke yake husaidiwa na msimamizi mwenyewe, mbele ya mawakala wa wagombea.

Haya yote, ndugu zetu, ni mlango wa wakala katika fiqhi, na hakuna mwanachuoni asiyeujua. Wakili hana rai yake. Ana neno la aliyemtuma. Aliyetumwa sokoni kununua changu akarudi na papa hawezi kujitetea kwa kusema kuwa papa ni bora, maana hakuulizwa ubora, aliulizwa changu. Katika aya ya deni, iliyoko Suratul Baqara, Mwenyezi Mungu ameamuru kwamba mdeni aliye dhaifu, asiyeweza kuandikisha mwenyewe, msimamizi wake amwandikishie kwa uadilifu. Na imepokewa kwamba Mtume amemlaani mwenye kumpoteza kipofu njia. Sisi hatuoni tofauti baina ya kumpoteza njia ya nyumbani kwake na kumpoteza katika karatasi sita.

Lakini wako wengine ambao hata hiyo khiana ya mpwa hawakuifikia, kwani hawajulikani kuwa wapo. Twasema juu ya watoto waliofichwa vyumba vya nyuma kwa sababu ya aibu, wakakua humo. Hakuna aliyewapeleka kuandikiwa kitambulisho, na asiye na kitambulisho wala pasipoti haandikishwi kupiga kura. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilitaja kuwa wenye ulemavu, kuanzia umri wa miaka 5, ni asilimia 2.2 ya watu wa Kenya. Sisi twachelea kwamba karani alipobisha hodi, katika baadhi ya nyumba zetu, mama alitaja watoto watatu na wa nne akamnyamazia. Na wengine husema: huyu wetu ana akili pungufu, kura ya nini? Kweli Katiba, kifungu cha 83, yamtoa aliyetangazwa kuwa hana akili timamu, lakini kutangazwa huko si kazi ya jirani wala ya shangazi. Mwenye kusema pole pole, au anayetetemeka mwili, hajatangazwa na mtu kuwa hana akili.

Hatutaki kuinyoshea kidole Serikali peke yake. Kifungu cha 54 kinataka, hatua kwa hatua, wenye ulemavu wapate angalau asilimia 5 ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa. Sisi katika kamati ya duara letu hili hatuna hata mmoja, na msikiti tusomeshamo una ngazi saba bila ya mteremko wa kiti cha magurudumu. Tumekwisha kulizungumza hilo, na seremala na mwashi wameitwa.

Ama mzee wetu, tulimwomba radhi kwa lile la mwaka 2017, akatusamehe papo hapo. Mpwa wake hajamjia bado. Toba yake haitimii mpaka amwendee mwenye haki, amkiri, na amtake msamaha, nasi tumemwambia hivyo ana kwa ana. Kwa uchaguzi ujao mzee amekwisha kumchagua msaidizi mwingine, binti wa jirani yake aliyetimiza miaka 19, hafidh wa Qurani. Amemshurutisha kumsomea kwa sauti ya chini majina yote ya kila karatasi, kutoka la kwanza hata la mwisho, hata yale ambayo mzee hana haja nayo.