Msomaji Anayeujua Mwisho

Kuna swali ambalo wapenda vitabu huulizwa mara nyingi na watu wasiopenda vitabu, nalo si swali la kudharauliwa. Huulizwa hivi: mtu aliyekwisha kuisoma hadithi mpaka ukurasa wake wa mwisho, akajua nani ameoa, nani ameshinda na nani amekufa, ana haja gani ya kuifungua tena? Maisha ni mafupi na vitabu ni vingi. Mahali ambapo maktaba ni chache na bei ya kitabu ni mzigo kwa mzazi, mtu anayeng'ang'ania kitabu alichokwisha kukisoma aweza kuonekana kama mgeni aliyeshiba asiyetaka kuondoka mezani, na hali wengine wanangoja nafasi.

Swali huzidi uzito ikiwa hadithi si kitabu kimoja bali ni msafara wa vitabu. Patrick O'Brian alizaliwa Uingereza mwaka 1914. Mwaka 1949 alihamia Collioure, mji mdogo wa pwani kusini mwa Ufaransa, naye alifariki Dublin mwezi wa Januari mwaka 2000. Katika miaka thelathini ya mwisho ya maisha yake aliandika vitabu ishirini vinavyofuatana juu ya watu wawili: Jack Aubrey, nahodha wa manowari za Uingereza, na Stephen Maturin, tabibu, mchunguzi wa ndege na wanyama, tena mpelelezi wa siri. Wakati wa hadithi ni zama za vita vya Uingereza na Ufaransa ya Napoleon, kuanzia mwaka 1800. Kitabu cha kwanza, Master and Commander, kilitoka mwaka 1969. Cha ishirini, Blue at the Mizzen, kilitoka mwaka 1999. Mapigano mengi yaliyomo si ya kubuni. Pigano kubwa la kitabu cha kwanza limetokana na kisa cha kweli cha tarehe 6 Mei 1801, ambapo nahodha Thomas Cochrane, katika merikebu ndogo iliyoitwa Speedy, yenye mizinga 14 na watu 54, aliiteka merikebu ya Kihispania, El Gamo, yenye mizinga 32 na watu 319. Mtunzi ambaye angalibuni jambo hilo angaliambiwa kuwa anatia chumvi.

Msomaji wa mara ya kwanza husafiri kama abiria. Hataki ila kufika. Maelezo ya matanga na milingoti huyavumilia kwa ajili ya mizinga, na mazungumzo ya usiku huyavumilia kwa ajili ya mapambazuko, adui atakapoonekana. Mtunzi alilijua jambo hili akamhurumia: Stephen Maturin haielewi bahari hata baada ya miaka mingi ya kuishi juu yake, na kila mara mabaharia wanapomfundisha yeye, msomaji hufundishwa pamoja naye. (Msomaji wa Lamu au wa Vanga, ambaye tangu utoto amesikia habari za joshi na demani, na foromali, ana heri kuliko wasomaji wengi wa bara Ulaya, ambao hulazimika kusoma vitabu hivi wakiwa na kamusi magotini.)

Kisha hadithi huisha. Jack Aubrey anapata habari aliyoingoja tangu ujana wake, kwamba sasa atakuwa admirali, na kurasa zimekwisha. Mtu aliyeishi na watu hawa katika vitabu ishirini huona upungufu nyumbani mwake, kana kwamba wageni waliozoeleka wamefunga mizigo yao wakaenda zao. Mtunzi mwenyewe aliuona mwisho huo kwa mbali. Katika dibaji ya The Far Side of the World, cha mwaka 1984, alieleza kuwa laiti angalijua ataandika vitabu vingi kiasi gani, angaliianza hadithi yake mwaka wa nyuma zaidi, maana vita vilikuwa na miaka yake iliyohesabika nayo ilikuwa inamwishia. Kwa hiyo aliomba ruhusa ya kutumia miaka isiyokuwamo katika kalenda. Ndiyo sababu mwaka 1813 katika vitabu hivi una safari ambazo mwaka mmoja hauwezi kuzichukua. Wako wanaoihesabu hila hiyo kuwa kosa. Mimi naiona kuwa ya kusamehewa, ingawa ni jambo la ajabu kidogo kwamba sisi tunaosoma tumekaa vitini tulifurahia vita kurefushwa, na hali waliovipigana kweli walihesabu siku za kurudi kwao.

Waswahili husema kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Msomaji aliyekwisha kutembea chomboni mbele na nyuma hurudi chini, ndani ya tumbo la chombo, mahali ambapo abiria hashuki. Na huko hukutana na jambo ambalo usomaji wa kwanza hauwezi kumpa.

Natoa mfano katika kitabu cha tatu, HMS Surprise, cha mwaka 1973. Merikebu imetia nanga Bombay. Stephen Maturin anatembea mjini peke yake, na mtoto mmoja wa kike, fukara, mwenye ulimi mwepesi na akili ya kupita umri wake, anajitwalia kazi ya kumwongoza. Jina lake Dil. Mtoto anamfundisha mji; anamkemea anapokosea; anamhurumia kwa ujinga wake wa mambo ya dunia. Wanakuwa marafiki. Na moyo wa mtoto huyu unatamani kitu kimoja tu, bangili za fedha. Tabibu ananunua bangili, anampa, na furaha ya mtoto haina kipimo. Baadaye tabibu anamkuta amekufa. Ameuawa kwa ajili ya bangili zile.

Msomaji wa mara ya kwanza hufurahi pamoja na Dil, kisha hulia pamoja na Stephen. Furaha na msiba kwake ni vitu viwili, kila kimoja na ukurasa wake. Msomaji wa mara ya pili hana ukurasa wa furaha. Anamwona tabibu akiwaza juu ya bangili, naye angependa kumshika mkono amzuie. Anamwona mtoto akicheka, na kicheko hicho kinamchoma. Yeye peke yake, miongoni mwa watu wote waliomo mjini Bombay siku ile, anajua.

Hapa ndipo swali la maadili linapoingia, na si swali la vitabu tu. Je, Stephen Maturin ana hatia? Yuko atakayesema: mtu mzima mwenye akili angalijua kuwa fedha katika mkono wa mtoto asiye na mlinzi ni mwito kwa wezi. Mwingine atasema: alitoa kwa upendo, na mtoaji hahukumiwi kwa dhambi ya mwizi. Usomaji wa kwanza hautupi nafasi ya kuamua, maana hadithi inatuburura na tanga limejaa upepo. Usomaji wa pili hutusimamisha. Hutupa ujuzi ambao mtendaji hakuwa nao, kisha hutuuliza kama ni haki kumpima kwa ujuzi huo. Kila mtu mwenye umri wa kutosha amekwisha kusikia, msibani, neno hili: laiti usingalimtuma; laiti ungalimzuia asipande gari lile. Wasemao hivyo ni wasomaji wa mara ya pili wanaomlaumu mtu aliyekuwa katika usomaji wake wa kwanza. Nionavyo mimi, tabibu yule hana hatia ya mauaji. Lakini hana budi kuibeba huzuni ya bangili, na vitabu vinavyofuata vinambebesha.

Walakini tusikimbilie kusema kuwa kutojua huwasafisha watu wote. Katika kitabu cha nne, The Mauritius Command, cha mwaka 1977, hadithi inakuja katika bahari yetu. Kina chake ni habari za kweli za miaka ya 1809 na 1810, Waingereza walipotaka kuwanyang'anya Wafaransa visiwa vya Réunion na Mauritius, ambavyo Wafaransa waliviita Bourbon na Isle de France. Mwezi wa Agosti 1810, katika ghuba ya Grand Port, Waingereza walipoteza manowari zao nne, na jina la Grand Port limechongwa katika tao la ushindi mjini Paris. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule, Waingereza walirudi na jeshi kubwa wakakitwaa kisiwa. Msomaji wa mara ya kwanza hana macho ila kwa matanga. Atashinda nani? Upepo utageuka lini?

Msomaji anayejua nani atashinda ana nafasi ya kutazama pwani. Na msomaji wa Afrika Mashariki atazamapo pwani hiyo hupata kuuliza ni nani waliolima mashamba yaliyokuwa nyuma ya ngome, na walitoka wapi. Wengi walitoka Madagascar, Msumbiji na pwani ya Kilwa. Mwaka 1776, Mfaransa mmoja, Morice, alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka, na bei ya kila mtu ikaandikwa. Waingereza walikuwa wamekwisha kukataza biashara ya watumwa kwa sheria ya mwaka 1807, lakini watumwa waliokuwa Mauritius bendera ilipobadilika mwaka 1810 waliamka kesho yake wakiwa watumwa vile vile, mpaka mwaka 1835.

Sasa tuwapime Morice na Sultani kwa mizani ile ile tuliyompimia tabibu. Wao hawawezi kusema hawakuujua mwisho. Mwisho ulikuwa ndani ya mkataba, umehesabiwa kwa vichwa na kwa fedha. Tabibu alitoa fedha ili mtoto afurahi. Hawa walipokeana fedha ili watoto wa watu wasirudi makwao. Kwa hiyo, msomaji, ujuzi wa mwisho haumfundishi mtu kusamehe kila jambo, wala kulaumu kila jambo. Humfundisha kuuliza: mtendaji huyu angaliweza kuona nini mahali pale aliposimama, na je, alitazama? Jack Aubrey na wenzake wamo mahali fulani katikati, na sidhani kama ni rahisi kupaonyesha kwa kidole. Ni mashujaa, ni wema kwa rafiki zao, na mabaharia wengine chini yao walikamatwa kwa nguvu bandarini, wakachapwa mijeledi walipokosa. Mtunzi hafichi mambo haya. Ni haraka yetu inayoyaficha.

Vifo navyo hubadilika. Barret Bonden, mshika usukani wa mashua ya nahodha, yumo tangu kitabu cha kwanza, mtu mwaminifu kuliko wote. Katika The Hundred Days, cha mwaka 1998, anakufa pigano likikaribia kuisha, kwa mistari michache tu, kama wafavyo watu vitani. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa kitabu kile kile, tumekwisha kupata habari ya kifo cha Diana, mke wa Stephen, kutoka katika mazungumzo ya watu wa kando. Wasomaji wengi walimnung'unikia mtunzi. Mtunzi naye alifiwa na mkewe mwaka ule ule wa 1998. Mtu arudiapo kitabu cha kwanza, kila Bonden anapotokea na mzaha wake, humtazama kama tunavyotazama picha ya ndugu aliyefariki: si kwa huzuni tupu, bali kwa kumwangalia vizuri zaidi. Haraka ya kuufikia ukurasa unaofuata haipo tena, kwa sababu ukurasa huo una kitu ambacho hakitakiwi.

Nakubali kuwa yuko mtu anayerudia vitabu kwa woga. Amekimbilia kwa rafiki wa karatasi wasiozeeka wala kumdai kitu, na jirani yake wa kweli hamjui jina. Mtu huyo anamalizia maisha yake ndani ya miaka isiyokuwamo katika kalenda, na wanaouliza lile swali la kwanza wana haki ya kumuuliza yeye. Kijana naye ambaye hajasoma vitabu kumi asianze kurudia cha kwanza. Na asafiri kwanza.

O'Brian alipofariki alikuwa amekianza kitabu cha ishirini na moja. Kilichapishwa mwaka 2004 kama alivyokiacha, sehemu yake ikiwa katika mwandiko wa mkono wake, nacho kinakatika njiani. Hapo msomaji wa kwanza na wa pili huwa sawa, kwa maana hakuna ajuaye. Wasomaji wengine hawataki hata kukifungua. Wengine hukifuata mpaka neno la mwisho lililoandikwa, kisha huenda rafuni wakachukua tena kile cha kwanza. Humo ni mji wa Port Mahon, mwezi wa Aprili mwaka 1800. Watu wawili wasiojuana wameketi ukumbini wakisikiliza muziki, viti vyao vimekaribiana mno. Mmoja anapiga mapigo kwa mkono wake, naye anautangulia muziki kidogo. Wa pili anamtia kiwiko cha mbavu. Muziki unapokwisha wanaachana kwa maneno makali, kila mmoja akidhani kuwa kesho asubuhi huenda akalazimika kupigana na mwenziwe.