Wavivu wa Kusikia



Katika Waebrania 5:11 mwandishi akatiza habari za Melkizedeki na kuwakemea wasomaji wake kwamba wamekuwa wavivu wa kusikia. Ndivyo isemavyo Biblia yetu ya mwaka 1952. Biblia ya Waingereza ya mwaka 1611 ilitumia neno lao la kisu kisichokata, yaani masikio butu. Lipi ni sahihi?

Neno la Kiyunani ni nothros. Katika Agano Jipya lote latokea mara mbili tu, hapo na katika 6:12. Lakini lilikuwako zamani. Wayahudi waliotafsiri Mithali kwa Kiyunani walilitumia katika 22:29, wakalipambanisha na neno la ukali, kama ukali wa upanga: aliye mkali katika kazi zake hasimami mbele ya watu walio nothros. Basi uvivu na ubutu vyote vimo ndani yake.

Sisi wa Kasulu na Kibondo tunaishi kwa jembe na panga. Panga haliwi butu kwa kulala ndani (hapo lapata kutu, ni ugonjwa mwingine). Huwa butu kwa kukata. Waebrania hawakuwa wageni wa Neno. Mstari wa 12 waonyesha kwamba kwa muda waliokaa walipaswa kuwa walimu. Tena wamekuwa hivyo, hawakuzaliwa hivyo. Kwa hiyo mtu asimtupie neno hili kijana anayechelewa kuelewa katika darasa la kipaimara, wala bibi asiyejua kusoma. Hao ni wazito wa kuelewa, na uzito huo si dhambi. Mara nyingi ndio wanaosikiliza kuliko sisi tuliokwisha kukariri Kitabu cha Sala.

Sikio huchakaa kwa mazoea. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa kwa Wakongo waliokimbia vita, na mwaka 2015 Warundi walipovuka kwa maelfu na Nduta kule Kibondo ikafunguliwa tena, nani hakushtuka? Miaka ikipita, ombi kwa ajili yao husomwa kanisani kama tangazo la mkutano, na wengine hutamka "wakimbizi" kama wanavyotamka "mbu".

Jambo la ajabu ni hili. Kati ya mara hizo mbili, katika 6:10, mwandishi awasifu Waebrania kwa kuwahudumia watakatifu, na kwamba wangali wakihudumu. Mikono ilikuwa bado na makali. Masikio ndiyo yaliyokuwa butu. Kisha katika 6:12 neno ni lile lile, ila kusikia hakutajwi tena. Sasa ni mtu mzima, pamoja na mikono yake, aonywaye asiwe nothros. Hapo ndipo tunapoogopa, ndugu, maana kwetu pia wako wanaopeleka unga na nguo kambini kila mwaka bila kuuliza jina la mtu hata mmoja. Mwandishi aliiona hatari hiyo mapema, mikono ikiwa ingali kazini.